Nondo 47 ndani ya ndoo: kisa cha mtego uliomtia mwenye duka matatani

Desemba, vuli ikiwa imekolea, nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kijiji kimoja cha Misungwi, mkoani Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria, si mbali na Kigongo. Siku hiyo hakunizungusha na salamu. "Mwalimu, njoo. Watu wanataka kumpeleka mwenye duka la pembejeo kwa mtendaji. Wanasema ametuuzia maji."

Nilisafiri siku ileile, na sababu niiseme mapema. Wiki mbili kabla ya hapo kikundi hicho kilinitumia kwa WhatsApp picha ya nondo, mdudu wa jamii moja na kipepeo, na mimi ndiye niliyejibu kwamba huyo ni mzazi wa viwavijeshi vamizi, viwavi wanaotafuna mahindi. Walipulizia dawa kwa kauli yangu. Kama palikuwa na mtu wa kuhojiwa kabla ya mwenye duka, ni mimi.

Naandika kisa hiki chote kwa sababu kosa lilikuwa la utambuzi, na utambuzi ndiyo kazi niliyosomea. Watu wengi hudhani elimu ya vipepeo na nondo ni ya kukusanya mabawa mazuri na kuyatundika ukutani. Hapa ilikuwa ni mahindi ya familia kumi na moja na jina la mtu mmoja aliyefungua duka lake kwa miaka mingi.

Mambo yalivyokwenda

Mashamba ya kikundi yako kwenye mchanga unaopanda kutoka ziwani. Chini yake kuna bonde la majaruba. Mwezi ule mpunga ulikuwa bado kitaluni, na nyasi zilikuwa zimesimama hadi magotini kwenye kingo zote. Msimu uliopita viwavijeshi vamizi waliwatafuna vibaya, na ndiyo maana safari hii walitafuta mtego wa harufu mapema: ndoo nyeupe, faneli ya njano, kifuniko cha kijani, na ndani ya kifuniko kidonge cha mpira chenye harufu ya nondo jike. Dume hufuata harufu, hujigonga huku na huku, kisha hutumbukia ndooni.

Mtego ulining'inizwa kwenye mti ulio mpakani kati ya mahindi na majaruba. Palichaguliwa kwa kuwa mti ulikuwepo, na kijana aliyepewa kazi ya kuusoma hupita hapo kila siku kwenda ziwani. Kijana huyu amemaliza kidato cha nne, ana mwandiko safi, na hakukosa Ijumaa hata moja. Daftari lake lilikuwa na 6, kisha 15, kisha 31. Kikundi kilikuwa na kanuni yake kiliyojitungia: zaidi ya kumi kwa wiki, dawa. Walipofika 31 waliingiwa na hofu, wakanitumia picha ili kuthibitisha.

Nilikuwa stendi ya Nyegezi, jijini Mwanza, nasubiri gari. Katika picha nondo amelala kwenye kiganja, mabawa yamefungwa, rangi yake kahawia iliyofifia, bega moja limepoteza magamba. Nikaandika: "Ndiyo, ni wenyewe." Jibu halikuchukua dakika moja.

Wanakikundi kumi kati ya kumi na mmoja wakanunua dawa yenye kiambato cha emamektini, wakabeba mabomba mgongoni, wakapulizia. Wengine walitoa pesa waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya ada ya Januari. Ijumaa iliyofuata kijana akafungua ndoo, akahesabu 47.

Fikiria ilivyoonekana kwao. Umepulizia, na wadudu wameongezeka kutoka 31 hadi 47. Wakulima wa huku wamewahi kukutana na dawa feki, kwa hiyo maelezo yalikuwa tayari midomoni kabla mtu hajauliza swali. Mpaka nafika, mwenye duka alikuwa amefunga mlango kwa siku ya pili.

Kosa ambalo halihitaji hadubini

Kabla ya kumgusa nondo yeyote, kuna jambo mwenyekiti na mimi tulilizungumza tukitembea kuelekea shambani, na kwa maoni yangu hilo peke yake lilitosha kumtoa mwenye duka lawamani.

Mtego ule unakamata madume wanaoruka usiku. Dawa ile inaua viwavi waliojificha kwenye moyo wa mhindi wanapotafuna jani lililopata dawa. Hao ni mdudu mmoja katika hatua mbili tofauti, lakini aliye ndooni leo huenda amezaliwa kwenye shamba la mtu mwingine kabisa, kijiji kingine, maana nondo wa jamii hii huruka mbali sana. Hata dawa ingekuwa kali kiasi cha kuua kila kiwavi katika mashamba yale kumi, ndoo ingeweza kujaa vilevile Ijumaa inayofuata. Idadi ya mtego haiwezi kupima nguvu ya dawa.

Mwenyekiti alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa tulikuwa tunapima nini?" Hilo ndilo swali lililonifanya niombe mfuko wa nondo.

Arobaini na saba juu ya karatasi nyeupe

Kijana hakuwa amewatupa, na nilimshukuru mbele ya watu. Alikuwa amewahifadhi wote kwenye mfuko wa karatasi, wakavu, hivyo hawakuoza. Tuliwamwaga juu ya karatasi nyeupe sebuleni kwa mwenyekiti, milango imefungwa ili upepo wa ziwa usitupokonye.

Jina la kisayansi la kundi hili la wadudu, Lepidoptera, limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, gamba na bawa. Unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo ndio magamba hayo, na rangi na michoro yote imo humo. Kati ya spishi takriban 160,000 zilizokwisha kupewa majina, vipepeo ni kama 18,000 tu. Wengine wote ni nondo, na wengi wao ni wa rangi ya majani makavu. Sasa mchukue nondo wa namna hiyo, mtie ndooni na wenzake thelathini wakipigana mabawa usiku kucha, halafu asubuhi umsome michoro. Mwingi umebaki chini ya ndoo kama vumbi.

Kwa hiyo nilianza na bawa ambalo picha haikulionyesha. Nondo akitulia hufunika mabawa ya nyuma kwa yale ya mbele, na ya nyuma hubaki safi zaidi. Niliwafungua mmoja mmoja kwa sindano. Dume la kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, lina bawa la mbele lenye mchanganyiko wa kijivu na kahawia, baka jeupe karibu na ncha, na duara la yai lililopinda katikati. Bawa la nyuma ni jeupe la fedha lenye ukingo mwembamba mweusi. Nilipata sita. Watatu walikuwa viwavijeshi wetu wa zamani, Spodoptera exempta, wale ambao kituo cha Tengeru, Arusha, kimekuwa kikitabiri milipuko yao kwa kutumia mitego ya namna hii tangu enzi za wazazi wetu. Wawili walikuwa wamechakaa kupita kiasi.

Waliobaki, thelathini na sita, walikuwa kitu kingine. Bawa la mbele rangi ya nyasi kavu, mstari mweusi hafifu unaokimbia kwa urefu wa bawa, na mwisho wa mstari nukta nyeupe ndogo kama ncha ya sindano. Bawa la nyuma jeupe linalong'aa. Huyu ni Leucania loreyi, ambaye vitabu vingine humwita Mythimna loreyi; Duponchel, Mfaransa, alimpa jina mwaka 1827. Mimi kijijini nilimwita nondo wa nyasi, na jina limeshika.

Sikutaka kurudia kosa la stendi, kwa hiyo kumi na wawili waliochakaa zaidi kati ya wale thelathini na sita nilirudi nao Mwanza. Kwa nondo wanaofanana, neno la mwisho liko kwenye sehemu za uzazi za dume. Unavunja fumbatio, unaliloweka kwenye maji ya moto yenye hidroksaidi ya potasiamu, nyama inayeyuka, inabaki ngozi na vile vibawa viwili vigumu ambavyo dume hutumia kumshika jike. Chini ya hadubini, kile cha kiwavijeshi vamizi ni kipana, kama sepetu yenye pembe nne. Cha nondo wa nyasi kina shingo, kisha kichwa. Magamba yanaweza kupukutika yote, lakini umbo hili linabaki. Kumi na wawili wote walikuwa na shingo.

Kwa hiyo ile 47 iliyowasha moto ilikuwa na adui sita.

Kwa nini kidonge kiliwaita wasioalikwa

Hapa ndipo pananivutia kuliko pote, na ninaomba msomaji anivumilie.

Harufu ya nondo jike si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa kemikali kwa vipimo, na kila spishi ina mapishi yake. Ya kwanza kabisa kutambuliwa ilikuwa ya nondo wa hariri, mwaka 1959, na Adolf Butenandt wa Ujerumani pamoja na wenzake. Walihitaji majike kama nusu milioni ili kupata kiasi kidogo cha kuchunguza, wakaiita bombikoli. Leo harufu hizo hutengenezwa maabara na kutiwa kwenye mpira. Shida ni kwamba viungo havina mwenyewe. Kiungo kikuu cha harufu ya kiwavijeshi vamizi kimo pia katika harufu ya Spodoptera exempta, na viungo viwili vikuu vya kidonge cha vamizi vyote vimo katika harufu ya nondo wa nyasi. Kinachotofautisha ni kipimo na kile kingine kilichoongezwa. Dume akipita karibu na kidonge na hewa imejaa kiungo anachokijua, anaweza kugeuka.

Jambo hili limeandikwa katika nchi kadhaa za Afrika tangu vamizi walipoingia barani mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017: mitego yao inakusanya nondo wa nyasi, pengine kwa wingi mno. Mdudu wa vamizi ni wa Amerika, na James Edward Smith alipomwandika mwaka 1797 kutoka Georgia, Marekani, hakukuwa na sababu ya kumlinganisha na nondo wa majaruba ya Misungwi. Kidonge kilitengenezwa kwa ajili ya nondo wa kule, kikaletwa mahali penye majirani wengine.

Na majirani hao walikuwa wapi? Viwavi wa nondo wa nyasi hula nyasi, mpunga, miwa, hata mahindi na mtama, ila kwa kawaida nyasi ndiyo nyumba yao. Mtego wetu ulining'inia hatua chache kutoka bonde zima la nyasi. Mti ule ulichaguliwa kwa urahisi wa kamba, na uliamua zaidi ya nusu ya hesabu.

Shamba ambalo halikupuliziwa

Msomaji makini ataniuliza: je, kama vamizi walikuwepo wengi, na dawa ikawamaliza, ndiyo maana ndoo ina sita tu? Nilijiuliza hivyohivyo, na bila jibu lake kazi yote ya hadubini isingetosha.

Jibu lilikuwa kwa mwanakikundi wa kumi na moja. Ni mama wa makamo, shamba lake liko katikati ya mawili yaliyopuliziwa.

"Mayu, wewe hukupulizia?"

"Nipulizie nini, mwanangu? Hela ilikwenda hospitali na mjukuu."

Alisema akiwa ameinamisha kichwa, kama aliyelisaliti kundi. Sikujua nimweleze vipi kwamba shamba lake ndilo lililokuwa na thamani kubwa kuliko yote siku ile.

Tulitembea kwa mtindo wa herufi W, vituo vitano, mimea ishirini kila kituo, mia kwa shamba. Kijana alikuwa na kalamu, mimi na mama tunafunua mioyo ya mihindi kutafuta majani yaliyotobolewa upya na kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa mbao. Kwa mwenyekiti, aliyepulizia, mimea minne kati ya mia. Kwa mama, saba. Kwa mahindi machanga ya umri ule, mwongozo unaotumika kwa wakulima wadogo unataka ukaribie ishirini kwa mia kabla ya kufikiria dawa. Yakikua, huenda mpaka arobaini.

Nne na saba zinakaribiana mno. Sitasema kwa hesabu hiyo kwamba dawa ilifanya kazi au haikufanya. Ninachosema ni kwamba kama mlipuko ungekuwepo, shamba la mama lingekuwa limechanika kama shuka kuukuu. Lilikuwa la kijani.

Dawa yenyewe tuliipa jaribio dogo. Tulitafuta zaidi tukapata viwavi tisa. Watatu tuliwapa majani yaliyochovywa kwenye dawa ya chupa ileile iliyolalamikiwa, iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye lebo; sita tuliwapa majani ya maji matupu. Kila mmoja na kopo lake, kwa sababu viwavi wa vamizi hulana. Wale watatu waliacha kula kesho yake, na siku ya tatu walikuwa wamekufa wote. Sita waliendelea kutafuna. Ni jaribio la viwavi tisa tu, na nisingelipeleka mbele ya wanasayansi, lakini kwa kikundi kilichokaa kulitazama kopo kwa kopo lilikuwa na uzito kuliko maneno yangu yote.

Wale sita nikawafuga hadi mwisho. Ndiyo njia kongwe kuliko zote katika elimu hii. Maria Sibylla Merian alisafiri hadi Suriname mwaka 1699 kufanya hilohilo: kumlisha kiwavi jani alilokutwa nalo na kungoja kitakachotoka, wakati wengi Ulaya walikuwa bado wanaamini wadudu huzaliwa na tope. Kiwavi ana alama zake, Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia, lakini nilitaka nondo mwenyewe atoke. Niliwawekea udongo kwenye makopo ili wapate pa kujichimbia na kugeuka pupa. Wanne wakatoka vamizi halisi. Mmoja alikufa. Kutoka kwa wa sita, siku moja asubuhi, nilikuta kifuko cheupe kando ya ganda lake lililosinyaa, na baadaye nyigu mdogo akatoka. Afrika Mashariki wameshaandikwa nyigu kadhaa wanaotaga ndani ya viwavi hawa, kama Coccygidium luteum na Cotesia icipe. Katika mashamba kumi yaliyopuliziwa, nyigu wa aina hiyo walipuliziwa pia. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu walikuwa wanafanya kazi hiyohiyo bila malipo.

Kikao chini ya mwembe

Kikao kiliitishwa Jumapili baada ya ibada. Mwenye duka alikuja na mkewe, akakaa pembeni. Nilitandika ile karatasi nyeupe na nondo waliopangwa mafungu manne, watu wakapita kuangalia kwa lenzi ya mkono. Kisha nilieleza nilichojibu stendi ya Nyegezi, kwamba nilitaja jina kwa kuona bawa moja lililofifia, na kwamba gharama waliyoingia ilitokana na hapo.

Mzee mmoja aliyelima pamba miaka mingi, tangu mbegu za zamani za kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kabla ya aina ya UK91, alikuwa wa kwanza kusema. "Sisi kwenye pamba tulikuwa tunakagua vitumba, tunahesabu funza mwenyewe kwenye mmea. Hii ya kuhesabu anayeruka imetoka wapi?" Nilimjibu kwamba mtego una kazi yake, unakujulisha kwamba madume wameanza kuruka ili uingie shambani kukagua, kosa letu ni kwamba tulitoka mtegoni tukaenda moja kwa moja dukani. Akatikisa kichwa, hakuongeza neno.

Mwenyekiti alisimama akamwomba mwenye duka radhi kwa niaba ya kikundi. Yule bwana hakutoa hotuba. Aliomba kitu kimoja tu: iandikwe kwenye muhtasari kwamba dawa haikuwa na kosa, na muhtasari usomwe kwa sauti. Katibu akaandika, akasoma. Baadhi walimfuata kumpa mkono, baadhi waliondoka kimyakimya. Pesa za ada hazikurudi.

Mtego tuliuhamishia katikati ya mahindi, mbali na bonde, juu kidogo ya usawa wa mimea. Haitazuia nondo wa nyasi kuingia, itapunguza. Kijana nilimwachia boksi la biskuti lenye nondo wa mfano, kila aina mmoja, mabawa yametandazwa na kuchomwa pini, pamoja na vidonge vya naftalini na vikombe vya maji chini ya miguu ya meza, maana sisimizi wakiligundua boksi hilo linakwisha usiku mmoja. Kwenye daftari amechora safu nne mahali palipokuwa na moja.

Ijumaa ya kwanza ya Januari lilisomeka hivi: vamizi 2, wa nyasi 19, wa zamani 0, sijui 1. Huyo mmoja alimfunga kwenye karatasi, akaiandika tarehe na mahali, akampa konda wa gari la Nyegezi aniletee.